Mbwa wanabweka usiku kucha mpaka tumezoea, taa ya sensa inawaka ovyo. Kipi hasa kinalinda nyumba hapa Tanga?

MkaziWaKange

Wakuu, salaam. Naomba ushauri wa wenye ujuzi, na si ule wa "tafuta mbwa mkali zaidi".

Nyumba iko Kange. Ukuta wa tofali wa futi sita mbele na pembeni, nyuma ni michongoma tu. Geti ni la nondo, aliye barabarani anaona mpaka barazani. Kuna mbwa wawili wa kienyeji: dume amefungwa mnyororo karibu na geti, jike yuko huru. Taa mbili za sensa, moja ya sola juu ya geti, nyingine ya umeme kwenye ukuta wa nyumba upande wa nyuma, inatazama mwembe. Madirisha ni ya luva yenye nondo, na joto hili la kaskazi hakuna anayeweza kulala amefunga.

Mbwa wanaanza kubweka saa nne usiku hadi alfajiri. Wanabwekea bodaboda, paka, watu wa swala, na wao kwa wao. Taa ya nyuma inawaka na kuzima mara nyingi kiasi kwamba hakuna tena anayechungulia. Kwa hiyo kila kitu kinafanya kazi, lakini mtu akiingia kweli hakuna ndani atakayeona tofauti. Wizi wa mtaani ni wa vitu vidogo: pampu ya maji, mtungi wa gesi, nguo kambani, simu kuvuliwa dirishani.

Je, mbwa anaweza kufundishwa kubweka panapostahili tu? Taa irekebishweje? Na hizi habari za bata bukini kulinda nyumba kuliko mbwa zina ukweli?

---

BwanaMifugo

Anaweza, ila usianze na mbwa, anza na anachokiona. Hilo geti la nondo ndilo linalomharibu dume wako. Kila mpita njia anabwekewa, na kila mpita njia anaondoka, maana alikuwa anapita zake. Mbwa hajui hilo. Kwa hesabu yake amemfukuza. Mpaka jua linazama ameshashinda mara mia, na mnyama aliyeshinda mara mia harudi nyuma kwa sababu wewe umemfokea dirishani. Tena ukimfokea kutoka ndani anasikia kwamba na wewe unabweka.

Ziba geti kwa bati bapa kutoka chini mpaka kama mita moja, usawa unaozidi kichwa cha mbwa. Juu acha wazi. Chini acha nafasi ya vidole vitatu ili maji ya mvua yapite na bati lisioze. Hilo peke yake linapunguza kelele za mchana, na mbwa ambaye hakubweka mchana ana nguvu na sababu ya kusikiliza usiku.

La pili, mtoe dume getini. Mbwa wa mnyororo ana tatizo ambalo mwizi analiona kabla yako: lile duara la udongo mtupu usio na nyasi. Mpaka wake unasomeka ardhini, na nje ya duara mtu anatembea kwa raha. Kama lazima afungwe, vuta waya imara kutoka nguzo hadi nguzo upande wa nyuma, mita 10 au zaidi, mnyororo uteleze juu yake kwa pete. Weka kizuizi kabla ya kila nguzo asijizungushe na kujinyonga. Usiku bora awe huru, alale karibu na mlango wa jikoni. Mbwa aliye getini analinda geti. Aliye mlangoni anasikia pande zote nne, na wewe unamsikia yeye.

La tatu ni mafunzo yenyewe. Anapobweka kwa sababu ya maana, toka au fungua dirisha, tazama anakotazama, sema neno moja lile lile, "basi" au lolote, umwite, umpe kipande cha kitu. Anapobwekea paka, usitoke, usiseme. Wiki tatu au nne za namna hiyo, kila mtu wa nyumbani akitumia neno lile lile, zinaleta tofauti. Kinachowashinda wengi ni kwamba baba anasema "basi", mtoto anasema "nyamaza", na dada wa jikoni anarusha kandambili.

Jifunze pia kumsikiliza. Mbweko wa tahadhari ni mzito, mkavu, unafuatana haraka haraka, na mara nyingi una mngurumo ndani yake. Wa upweke ni mwembamba, mmoja mmoja, una mapumziko katikati. Mbwa wawili wakibweka kwa sauti hizi mbili, amka kwa ile nzito.

Na uwape chanjo ya kichaa cha mbwa: ya kwanza akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Mbwa wa ulinzi ataung'ata mkono wa mtu siku moja, hiyo ndiyo kazi uliyompa. Aliyeng'atwa aoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, aende hospitali siku hiyo hiyo, na mbwa asiuawe wala kuachwa azurure. Afungwe, achunguzwe siku 10. Ugonjwa huu dalili zikishaanza kwa binadamu hauna tiba, kwa hiyo hapa hakuna cha "tusubiri tuone".

---

Kiboko_wa_Duga

Bukini ni kelele tupu. Fuga kanga, wanaona hata kivuli.

---

BwanaMifugo

Mkuu Kiboko, kanga ni walinzi wazuri wa mchana. Usiku wanapanda mtini wanalala, macho yao gizani hayafai. Watakupigia kelele za kicheche na nyoka saa kumi jioni, lakini saa nane za usiku usiwahesabu.

Bukini analala kwa macho, na ana jambo moja ambalo mbwa hana: hanunuliki kwa kipande cha nyama. Lakini kwa tatizo la mleta mada hafai. Anapigia kelele mgeni, mwenyeji aliyebadilisha kofia, na kunguru. Tena anataka majani na maji ya kuchovya kichwa kila siku, na kinyesi chake barazani ni kingi. Ukishindwa kutofautisha kelele za mbwa wawili, ukiongeza bukini watatu umeongeza kelele, ulinzi uko pale pale.

---

FundiUmeme_Makorora

Nichukue upande wa taa.

Sensa ya aina hii haioni mtu. Inaona joto linalohama kutoka kipande kimoja cha eneo lake kwenda kingine. Ile plastiki nyeupe yenye mistari mbele yake ndiyo inayokata eneo vipande vipande. Ukilielewa hilo, makosa yote ya ufungaji yanajieleza.

Kwanza, mtu anayekatiza mbele yake kwa ubavu anaonekana upesi. Anayeijia moja kwa moja anaweza kukaribia sana kabla haijashtuka, kwa kuwa anabaki ndani ya kipande kimoja. Taa yako ya getini inatazama barabara, maana yake anayeingia anaijia usoni, huku bodaboda barabarani wanaikatiza ubavuni. Umeifunga ili ione wasiohusika na ikose anayehusika. Ihamishie kwenye kona ya nyumba, itazame sambamba na geti, mtu akiingia lazima aikatize.

Pili, mwembe. Tawi lenyewe halina joto la kutosha, lakini majani yakicheza mbele ya ukuta au bati lililopigwa jua mchana kutwa, joto la nyuma linaonekana na kujificha, sensa inashtuka. Msimu wa maembe ongeza popo, na popo ana damu ya moto. Igeuze isitazame mti. Isipowezekana, bandika utepe mweusi wa umeme juu ya sehemu ya ile plastiki inayoelekea mwembe. Bandika kipande kidogo, tembea mbele yake, ongeza kingine. Utepe wa sentimita moja na nusu upande wa juu kulia unaweza kumaliza ugomvi wote.

Tatu, urefu. Mita 2 hadi 2.5 kutoka ardhini, imeinamishwa kidogo. Wengi wanaipandisha mita nne wakidhani itaona mbali, kumbe inaona barabara na kuacha tupu chini yake.

Nne, vile vitufe vidogo chini. Chenye picha ya jua na mwezi kisogeze kuelekea mwezi, isiwake magharibi kukiwa bado na mwanga. Cha muda weka dakika moja. Ukiweka sekunde tano inawaka na kuzima kama disko na macho yanaizoea. Ukiweka dakika kumi, mwizi anakuta imeshawaka, haimshtui yeye wala wewe. Cha uwezo wa kuona punguza hadi nusu, kisha jaribu kwa kutembea mwenyewe usiku. Mchana kipimo kinakudanganya kwa sababu ya joto.

Halafu mjusi. Taa inavuta wadudu, wadudu wanavuta mjusi kafiri, naye anapita juu ya sensa kwa karibu, kwa hiyo sensa inamwona mkubwa kuliko mtu. Buibui vivyo hivyo. Tenganisha taa na sensa kama kifaa kinaruhusu, hata nusu mita inasaidia, na tumia balbu ya rangi ya njano, wadudu wanapungua. Futa ile plastiki kwa kitambaa chenye maji kila mwezi. Sahare na Raskazone futeni kila wiki mbili, chumvi ya bahari inaweka ukungu.

Ya sola ikiwa inawaka saa moja jioni na kufikia saa saba usiku imekufa, mara nyingi paneli ina vumbi au betri imechoka. Safisha paneli kwanza kabla ya kununua betri.

---

MkaziWaKange

Asanteni sana. Maswali mawili zaidi. Sumu: kuna anayejua kumfundisha mbwa asile nyama ya kurushwa? Na majirani: wengi wetu ni Waislamu, njia ya msikitini inapita kando ya ukuta, na malalamiko ya mbwa nayasikia.

---

BwanaMifugo

Kumfundisha asile kabisa ni kazi ya miezi, na hata wa polisi anasahau. Usiitegemee. Yanayosaidia zaidi ni haya. Usimshindishe njaa. Ule usemi kwamba mbwa mwenye njaa ndiye mkali unaua mbwa wengi, maana mwenye njaa ndiye anayedaka kinachorushwa. Mlishe kwenye bakuli lake, mahali pamoja, saa zile zile, chakula kikubwa asubuhi na kidogo magharibi. Asilishwe chini wala kurushiwa mifupa. Mbwa aliyezoea kula chochote kinachodondoka mmeshamfundisha kinyume. Na alale mbali na ukuta, pale ambapo kitu cha kurushwa hakifiki kirahisi. Kila jioni zunguka ndani ya ukuta na tochi, dakika tano tu.

Ukimkuta anatoa udenda mwingi, anatetemeka, mboni za macho zimekuwa ndogo, au ana degedege, hiyo mara nyingi ni sumu ya wadudu ya shambani. Usimpe maziwa, usimpe mafuta ya kula, usimtapishe akiwa anatetemeka au amelegea, atavuta matapishi mapafuni. Chukua mabaki ya alichokula kwenye mfuko, vaa glavu au mfuko mkononi, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Dawa ya sindano ipo lakini inataka iwahi. Ukikuta mbwa amelishwa sumu leo, usiku huo na unaofuata ndio wa kukesha. Sumu hairushwi kwa burudani.

---

Bi_Mwambani

Mwanangu, la majirani lijibiwe kwa adabu maana ndio ulinzi wako wa kweli.

Mate ya mbwa kwetu ni najisi, na mtu aliyetia udhu anaelekea msikitini hataki kuguswa na pua yake. Watu hawa ndio wanaopita saa kumi na moja alfajiri, kila siku, saa ambayo wezi wengi wameshaondoka na wachache ndio wanamalizia. Mbwa wako akiruka getini kwa hao, umepoteza mashahidi bora mtaani. Ziba geti kama ulivyoambiwa, na dume akiwa nyuma ya nyumba hata harufu zao hatazifuata sana. Banda lisiwe upande wa njia. Maji ya kuoshea banda yasitirike nje ya ukuta. Kisha nenda ukawaambie majirani mwenyewe umebadilisha nini, usingoje mwenyekiti wa mtaa akuite.

Na Ramadhani ujue mambo yanageuka. Saa nane, saa tisa za usiku kuna wapiga daku, kuna watoto njiani, majiko yanawaka. Mbwa atabweka mwezi mzima. Anayetaka kuiba anajua kwamba mwezi huo mtu akionekana uchochoroni na ndoo hakuna anayemuuliza. Mwezi huo usitegemee mbwa wala taa. Vitu vya nje viingie ndani: mtungi, pampu kama ni ya kuhamishika, nguo. Pampu isiyohamishika ifungiwe ndani ya kizimba cha nondo kilichochomelewa kwenye vyuma vilivyozikwa katika zege. Kizimba cha kukaa juu ya zege tu kinabebwa pamoja na pampu yake.

---

Kiboko_wa_Duga

Siku hizi kamera zipo bei chee. Funga mbili uangalie kwenye simu, mambo ya mbwa ya kizamani.

---

FundiUmeme_Makorora

Kamera itakuonyesha mtu amevaa kofia akibeba pampu yako. Ni nzuri kwa kesho yake. Kwa usiku huo inahitaji mtu anayeamka, na arifa za simu zina ugonjwa ule ule wa mbwa: zikiwa arobaini kwa usiku, ya arobaini na moja haifunguliwi. Akifunga kamera, achore eneo la arifa liwe mlango wa nyuma na pampu tu. Barabara asiiguse.

---

Vitasa_Ngamiani

Naona geti na madirisha yamesahaulika, na mwizi wa vitu vidogo hasomi mbwa, anasoma bawaba.

Geti lenu jipya la kuchomelea lina bawaba za kuchomeka, pini inaelekea juu. Watu wawili wananyanyua, geti linatoka na kufuli lake likiwa limefungwa vizuri. Tazama usiku huu. Tiba: chomelea kipande cha chuma juu ya bawaba moja ili lisinyanyuke, au geuza pini ya juu itazame chini. Kazi ya nusu saa.

Komeo: ukiona vichwa vya skrubu kwa nje, hakuna komeo. Weka bolti zinazopenya mpaka ndani, nati ziwe ndani, uchomelee ncha. Kufuli chagua lenye shingo fupi na nene. Shingo ndefu ni nafasi ya kuingiza nondo na kukunja. Kwa hewa yetu ya bahari chukua la mwili wa shaba. Lisitiwe mafuta ya kula wala oili chafu, yanashika mchanga na baada ya miezi michache funguo inakatika ndani. Unga wa ncha ya penseli ndani ya tundu la funguo unatosha.

Madirisha ndiyo hatari yako kubwa msimu wa joto. Nondo zinazuia mtu, hazizuii fimbo. Fimbo yenye ndoano inafika mita mbili na zaidi, inachukua suruali na simu iliyo mfukoni mwake. Chandarua hakisaidii, kinakatwa. Funga wavu wa chuma wenye matundu madogo, ndani ya nondo, kwa fremu yenye skrubu upande wa ndani. Hewa inapita, ndoano haipiti. Mpaka fundi aje, simu isichajiwe dirishani, na meza ya kitandani ihamie ukuta wa pili. Vioo vya luva navyo vinachomolewa kimoja kimoja kwa kukunja zile klipu. Tia gundi ya silikoni kwenye ncha za kila kioo.

Nyuma palipo na michongoma, panda mkonge kwa ndani, hatua moja moja. Tanga hii miche haikosekani na ncha yake kila mtu anaiheshimu. Ila majani ya chini yakatwe, vinginevyo umemjengea nyoka nyumba na mwizi maficho.

Ila asije mtu akakushauri uzibe geti lote. BwanaMifugo amesema mita moja, na iishie hapo. Geti lililozibwa lote linamficha mwizi akishaingia, anafanya kazi kama fundi aliyeitwa. Sehemu ya juu ikiwa wazi jirani anaona.

---

Bi_Mwambani

Na hao majirani wawe na filimbi. Nyumba tano au sita, filimbi moja kila nyumba, alama moja iliyokubaliwa: mipulizo mitatu mirefu maana yake washeni taa zote na mtoke pamoja. Filimbi haibwekei paka, ndiyo maana watu wataamka. Mjulisheni mwenyekiti wa mtaa na watu wa ulinzi shirikishi waijue.

Msipige ukelele wa "mwizi". Neno hilo usiku likitoka halirudi, na anayeangukiwa na mawe si lazima awe ndiye, anaweza kuwa kijana aliyechelewa kurudi toka stendi. Taa ziwake, watu wajitokeze wengi, njia ya kukimbilia muiache wazi, na polisi wapigiwe 112.

---

MkaziWaKange

Nimeelewa. Naanza na bawaba na bati la geti, fundi anakuja Jumamosi. Mkuu wa umeme, ile taa ya nyuma ikihama kutoka mwembe, iende wapi? Nyuma kuna pampu, kamba ya nguo na mlango wa jikoni, na taa ni moja.

---

FundiUmeme_Makorora

Kona ya jikoni, mita 2.2, itazame sambamba na ukuta wa nyumba kuelekea pampu. Anayetoka kwenye michongoma kwenda pampu au mlango ataikatiza ubavuni. Kamba ya nguo ihamishe iwe upande wa pili. Mashuka yakipepea na upepo mbele ya sensa ni mwembe mwingine.